Pembe ya Kuona ya Mzee Charo

Aliyesoma wasifu wa marehemu alifika mahali palipoandikwa kwamba Mzee Charo aliendesha malori kwa zaidi ya miaka thelathini na hakuwahi kumgusa mtu barabarani, na Mama Furaha, aliyeketi kando yangu na magongo yake mawili yameegemezwa kwenye benchi, akasema, "Amina." Alisema kwa sauti ya kawaida, sawa na wanawake wengine waliolijaza kanisa lile la Kisauni asubuhi ile. Mguu wake wa kushoto unaishia chini kidogo ya goti. Aliupoteza chini ya tairi la lori la Mzee Charo, ndani ya yadi moja ya Changamwe, mwaka nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, na mimi ni mmoja wa watu ambao wangeweza kuzuia jambo lile lisitokee. Wasifu ukaendelea, ukataja watoto na wajukuu na miaka ya mwisho ambayo marehemu aliishi gizani bila kunung'unika. Tulipotoka nje Mama Furaha alinitazama, akaniambia nimekonda, akauliza kama nitakwenda hadi Kaloleni kwa mazishi. Hatukusema zaidi ya hayo. Nimeamua kuyaandika mambo ya mwaka ule kwa mpangilio wake, maana nikiyaacha kichwani hujipanga yenyewe, na kila mwaka hujipanga kwa namna inayonipendelea zaidi.

Kazi yangu ilikuwa kuangalia chumba cha gemu. Kilikuwa nyuma ya kibanda cha kuziba pancha, kando ya yadi ambamo malori ya trela yaliegeshwa yakingoja makontena kutoka bandarini. Kuta zilipakwa rangi ya kijani hadi usawa wa kifua, na juu ya hapo rangi ilikuwa imeisha au mpakaji alichoka. Paa lilikuwa la mabati matupu. Feni moja ilizunguka ikirudisha joto lile lile, na harufu ya raba iliyoungua ilituingia mpaka kwenye nguo. Mwenye chumba alikuwa Otieno, fundi wa kompyuta kutoka bara, mtu mwembamba aliyependa kuvua viatu akiwa kazini. Alikuwa amenunua usukani wa gemu uliotumika pamoja na vikanyagio vyake vitatu, akaufunga kwenye fremu ya mbao iliyobeba kiti cha dereva kilichong'olewa kwenye gari lililopata ajali. Fremu hiyo aliiwekea magurudumu madogo chini ili iweze kusogezwa wakati wa kufagia. Alitarajia wateja wawe vijana wa shule. Waliokuja ni madereva wa trela wenyewe, watu waliotoka kuendesha siku mbili mfululizo, na walipopata nafasi ya kupumzika walipumzika kwa kuendesha.

Gemu ya mbio za magari ina swali moja ambalo wengi hulipita bila kulijibu: unataka kuona upana gani wa dunia iliyo mbele yako? Kipimo chake ni pembe, huandikwa kwa nyuzi. Ukiipanua, skrini inameza mambo mengi zaidi. Unaona vioo vya pembeni, unaona gari linalokukaribia ubavuni, lakini kila kitu kinakuwa kidogo na cha mbali, kona unadhani iko kule kumbe imeshafika, na vitu vya kandokando vinavutika kama raba. Ukiibana, vitu vinarudi kwenye ukubwa wake wa kweli na breki unaikanyaga pale ambapo ungeikanyaga barabarani, ila unaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kufuli. Aliye ubavuni humwoni mpaka akugonge. Otieno alikuwa ameiacha pana mno, na wateja walishuka kitini wakishika matumbo. Dereva mmoja alitapika mlangoni, mtu aliyepanda na kushuka mlima wa Mazeras miaka kumi bila hata kizunguzungu. Siku hiyo nilichukua karatasi. Pembe ya kweli si vigumu kuipata: weka nukta mahali lilipo jicho, chora mstari wa upana wa skrini kwa umbali uliopima, unganisha ncha zake na nukta, kisha laza kipimapembe. Runinga yetu ilikuwa na upana wa sentimita sabini. Mtu akikaa sentimita themanini kutoka kwayo, pembe haifiki nyuzi hamsini. Karibu hakuna aliyeiweza. Walisema wamevishwa ndoo. Kwa hiyo nilianza na ile ya kweli, nikapanua nyuzi tano tano mpaka mtu aseme "hapo," nikamwacha azunguke mara mbili, kisha nikamwuliza tumbo linasemaje. Wengi walitulia kati ya hamsini na tano na sabini. Kila mmoja nilimwandikia kwenye daftari jina, umbali wa jicho hadi skrini, nyuzi na tarehe.

"Kache, hii ni gemu, si hosi ya kupima macho," Otieno aliniambia. Lakini hakuna aliyetapika tena, na akaacha kunicheka.

Chakula kililetwa na Mama Furaha. Alikuwa na meza yake langoni mwa yadi, asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali na samaki wa kupaka au sima na mchicha, na hakungoja wateja wamfuate; alibeba sinia akapita kati ya malori akiita majina. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mwenye sauti iliyosikika juu ya injini. Madereva walikula chumbani kwetu, juu ya makreti yaliyopinduliwa, na sharti langu lilikuwa moja tu: mwenye mafuta vidoleni asiguse usukani. Mzungumzaji mkubwa alikuwa Saidi, dereva wa Likoni, mtu wa makamo asiyeweza kumeza tonge bila maneno.

"Mama Furaha, wallahi mbaazi za leo umezipikia maji ya feri."

"Ukitaka tamu nenda Likoni kwa mkeo. Kama bado anaikumbuka sura yako."

"Anaikumbuka. Ameibandika ukutani kuwatishia panya."

Nayakumbuka maneno haya kwa sababu nilikuwa nikiyasikiliza, sikuwa nikichangia. Nilikuwa msichana mwenye daftari. Nilidhani kuona na kuandika ni kazi kamili, na kwamba mtu akishaandika jambo kwa usahihi amekwisha litimizia wajibu wake.

Mzee Charo aliingia mara ya kwanza wakati wa masika. Meli zilichelewa kupakua, na malori yalikuwa yamekaa siku tatu kwenye matope. Alikuwa mrefu, amenyooka, shati limechomekwa, kichwa cheupe. Hakuna dereva aliyemwita jina bila kutanguliza Mzee.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiki ndicho nini? Gari lisilo na tairi?"

"Panda, Mzee," Saidi alimwambia, "hili halimwagi oili."

Alipanda. Alirekebisha kiti, akanyoosha mkono kutafuta kioo ambacho hakikuwepo, kila mtu akacheka, naye akacheka pia. Mbio zilipoanza magari mengine yote yalichomoka, yeye akabaki pale pale mguu juu ya klachi. "Nenda, Mzee!" "Wapite kwanza. Hawa wana haraka yao." Alimaliza wa mwisho, na katika mizunguko mitano hakugusa gari wala ukingo hata mara moja. Sijawahi kuona mtu akiendesha gemu vizuri namna ile. Waliokuwa wakila walishika matonge mkononi wakamtazama, kama watu wanavyomtazama fundi mzuri akifanya kazi. Niliandika: Mzee Charo, sentimita 80, nyuzi 62.

Tangu hapo alikuja kila alipokuwa Mombasa, hasa mchana baada ya chakula. Mwezi wa sita aliniambia, "Mwanangu, hapa panabana. Nipanulie kidogo." Akashuka, akairudisha fremu nyuma mwenyewe. Niliandika sentimita 100, nyuzi 75. Mwezi wa nane zilikuwa sentimita 120 na nyuzi 90, na Otieno ilimbidi aunge waya mrefu zaidi. Kufikia Septemba alikaa mita moja na nusu kutoka kwa runinga, mgongo karibu na mlango, na pembe ilikuwa nyuzi 105, upana ambao mimi mwenyewe nikiutazama nilihisi mate yakinijaa mdomoni. Barabara ilikuwa kama uzi katikati ya skrini, na kando nyumba na miti vilipinda. Yeye alisema, "Hapo. Hapo ndipo ninapopumua."

"Buda, ukirudi tena nyuma utaendesha ukiwa nje kwa pancha," Otieno alimtania.

"Mwache," Saidi alisema. "Mtu ameburuta kontena la futi arobaini umri wake wote, amezoea mambo ya mbali. Nyinyi wa kompyuta mwajua nini?"

Kila mtu alikuwa na sababu ya kumpa. Wengine walisema ni uzee, kwamba hata gazeti mzee hulishika mbali. Maelezo hayo yalinitosha kwa wiki kadhaa, mpaka siku moja niliposoma kurasa za daftari mfululizo nikaona kwamba hayatoshi. Mtu anavyozidi kukaa mbali na skrini, pembe ya kweli huzidi kuwa ndogo. Mzee alirudi nyuma huku akiipanua. Na mzee anayeshika gazeti mbali hutaka herufi kubwa. Huyu alitaka kila kitu kiwe kidogo, kidogo zaidi, mpaka barabara nzima na vyote vilivyo kandoni mwake viingie katika eneo lisilozidi sahani. Nilichukua karatasi, nikachora pembetatu yake. Kutoka kitini pake runinga ile nzima haikuchukua hata nyuzi thelathini za macho yake. Nikajiuliza ni mtu wa namna gani anayehitaji dunia yote imkunjikie ndani ya nyuzi thelathini.

Basi nikaanza kuhesabu. Yule mtu ambaye wakati wa masika hakugusa chochote, sasa aligusa, na aligusa upande mmoja. Gari likimjia kulia aliliona kwa kuchelewa, lakini aliliona. Likimjia kushoto alilalia juu yake kana kwamba halipo, kisha akashtuka usukani ulipotetemeka. Kwa siku nne nilihesabu migongano kumi na tisa. Kumi na sita ilikuwa ya kushoto. Barabarani kwetu dereva hukaa kulia, na kushoto kwa lori ndiko kuliko na watu: wanaotembea, wanaouza, wanaosukuma baiskeli.

Alikuja mchana mmoja wenzake walipokuwa bandarini, na Otieno alikuwa amekwenda mjini kutafuta kipuri. Hakupanda kitini. Alisimama, akasema, "Nasikia kalamu yako ikikwaruza kila nikikosea. Umeniandikaje humo?"

Nilimsomea. Nilianza na sentimita 80 na nyuzi 62, nikashuka tarehe moja baada ya nyingine, na nilipofika kwenye kumi na tisa na kumi na sita sauti yangu ilikuwa imepungua. Feni ilizunguka. Alivuta kreti kwa mguu, akaketi, akajipangusa uso kwa leso.

"Daktari wa macho aliniambia ni presha ya ndani ya jicho," alisema. "Huanza pembeni. Inakula kama mchwa anavyokula mlango, kutoka ukingoni. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Alinipa dawa ya kudondoshea."

"Na leseni, Mzee?"

"Waliponipima walinionyesha herufi ukutani. Herufi zilikuwa mbele yangu. Nilizisoma zote mpaka mstari wa mwisho." Akatabasamu, na lile tabasamu lilinitia huzuni kuliko maneno. "Hapa kwako ndipo mahali pekee ninapoiona barabara nzima, mwanangu. Ukinipanulia, ni kama mtu amenikusanyia vitu vyangu vyote akanitilia mkononi. Nikitoka hapa nakuwa na nguvu. Najiambia, bado naweza."

Nilimwambia lazima aache. Nadhani nilimwambia. Nikiwa mkweli, nilisema, "Lakini Mzee, itakuwaje?" na hiyo si sawa na kumwambia mtu aache.

"Desemba naacha," alisema. "Nimeshahesabu safari zilizobaki. Nataka nishuke mwenyewe, Kache. Nisishushwe. Wajua mtu akishushwa kwenye lori mbele ya wenzake anabaki nani? Nisitiri mpaka Desemba."

Msomaji asiyetoka kwetu huenda ataona neno hilo ni dogo. Kwetu mtu akiona nguo yako imechanika nyuma hakuambii mbele za watu. Anatembea karibu nawe, nyuma kidogo, mpaka ufike nyumbani. Tulilelewa hivyo. Kumfunua mwenzako ni uchafu wako wewe, na kumfunua mzee ni zaidi. Nilijibu, "Haya, Mzee," na baada ya hapo nikafanya jambo ambalo leo naliona vibaya kuliko kunyamaza kwenyewe: kila alipokuja, nilimpangia kiti na pembe kabla hajaomba. Nyuzi 105, kisha 110. Kazi yangu ilikuwa kumtafutia mtu mahali ambapo macho yake yatastarehe, na niliifanya kwa uaminifu. Nilimpa starehe ya kutosha ya kumpeleka lorini akiwa na moyo mkunjufu.

Mara moja nilijaribu. Ilikuwa Oktoba, nimekwenda langoni kumsaidia Mama Furaha kumenya vitunguu, na kwenye kivuli cha trela nyuma yetu madereva wawili walikuwa wakisema.

"Mzee siku hizi ana kiburi. Nimempita jana nikamwinulia mkono, hakuitika."

"Amezeeka, ana mawazo."

"Mawazo gani ya kumfanya mtu asiitike salamu?"

Mama Furaha aliinua sauti bila kugeuka. "Ana mgonjwa nyumbani, mwacheni! Nyinyi mkiuguliwa mwaitikia kila paka apitaye?" Wakaondoka. Nilijua hana mgonjwa nyumbani. Nikasema polepole, "Mama Furaha, kuna jambo kuhusu Mzee." Aliendelea kukata, kisu kikigonga ubao. "Kula kwanza," akasema, akanisogezea sahani ya viazi vya kukaanga. Nikala. Nilipomaliza alikuwa amesimama na sinia lake kichwani, na nilihisi nimetuliwa mzigo, kama mtu aliyebisha hodi kwa haki na kukuta mlango umefungwa. Kichwani nimeirudia ile sahani ya viazi mara nyingi kuliko mahali pengine popote pa mwaka ule.

Ilikuwa Novemba, wiki ya pili ya mvua za vuli, kama saa nne asubuhi. Nilikuwa mlangoni nikisukuma maji kwa ufagio. Lori la Mzee Charo lilikuwa limepakiwa, likatoka kwenye safu yake polepole sana, kama alivyoendesha siku zote, na likaanza kukata kushoto kuelekea langoni. Mama Furaha alikuwa akipita upande huo na sinia. Sikumsikia akipiga kelele. Nilisikia sinia. Watu walipiga mabati ya trela kwa viganja, "Simama! Simama!" na lori likasimama pale pale. Mzee Charo alishuka. Alizunguka mbele ya lori akiwa amenyoosha mkono mmoja kwenye bampa, akawa anauliza, "Nini? Nini jamani?" na akapita hatua mbili kutoka alipolala Mama Furaha, akaenda hadi kwenye tairi za nyuma kutazama. Saidi ndiye aliyemshika bega akamrudisha. Madereva wote waliona. Saidi alivua shati, akamfunga Mama Furaha mguu, wakamwingiza kwenye pikapu ya fundi wa pancha.

Siku ya tatu mtu wa kampuni ya malori alikuja na faili. Alikuwa mpole, mwenye jasho, aliyetaka kumaliza. Alizunguka yadi nzima akaishia kwetu, akaketi kwenye kile kiti cha dereva bila kujua ni cha nani, mita moja na nusu kutoka kwa runinga iliyozimwa.

"Nimeambiwa Mzee alikuwa akija hapa. Mliwahi kumwona na shida yoyote? Ya afya, ya kuona?"

"Zii," Otieno alisema. "Alikuwa fiti."

"Na wewe, dada?"

Daftari lilikuwa kwenye droo ya meza niliyoegemea. Nilihisi ukingo wa droo mgongoni mwangu. Mtu yule alikuwa ameinua kalamu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza mwaka mzima kuona kalamu ya mtu mwingine ikiningoja mimi. Nilisema, "Hapana." Akaandika. Akasema vizuri, kwa sababu hata mama mwenyewe, alipozinduka, alisema aliteleza kwenye matope akaingia chini ya tairi, na madereva wote wamesema vivyo hivyo. Mzee atastaafu kwa heshima, akasema, umri nao umefika. Jioni ile nililichana daftari, ukurasa mmoja mmoja, na hata sasa sijui nilikuwa nikimficha nani.

Nilikaa wiki mbili kabla ya kwenda hospitali. Nilichagua saa ya mchana, wakati wa kuona wagonjwa, nikanunua machungwa. Wodi ilikuwa ndefu, na kitanda cha Mama Furaha kilikuwa karibu na mwisho, kichwa kimeelekea dirishani. Shuka lilikuwa limeinuka mahali pa mguu mmoja na kulala mahali pa mwingine. Alikuwa amepungua. Nilivuta kigoda upande wa ukuta, nikaketi, nikamwambia yote: nyuzi, sentimita, kumi na tisa, kumi na sita, Desemba, "Hapana" yangu. Nilimwambia kwa mpangilio. Alinisikiliza akimenya chungwa.

"Nilijua kabla yako," alisema.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mwezi wa tano. Nilimwekea kikombe cha chai mkono wa kushoto, akasema, 'Mama, leo huninyweshi?' Kikombe kiko pale, moshi watoka. Tangu siku hiyo nikawa namwekea kulia. Na mimi mwenyewe lori lake sikulipita ila kulia. Nilizunguka yadi nzima na sinia, jua kali, kila siku. Saidi naye alijua. Wadhani yale maneno ya kontena la futi arobaini aliyatoa wapi?"

"Kwa nini hukusema, Mama?"

"Na wewe kwa nini hukusema?" Hakuuliza kwa ukali. Alikula kipande cha chungwa, akatema mbegu mkononi. "Siku ile kulia kulikuwa na dimbwi, na mgongo ulikuwa unaniuma. Nikasema, leo tu."

Nilitaka kulia, lakini kabla sijaanza nilimwona Mzee Charo akiingia wodini. Binti yake alimfikisha mlangoni, akamwonyesha, akabaki nje. Alitembea katikati ya safu mbili za vitanda, shati limechomekwa, mkono umetangulia kidogo. Mama Furaha alinigusa goti, akaweka kidole mdomoni.

"Niko huku, Mzee. Njoo moja kwa moja. Kiti kiko kulia kwako."

Alikipapasa kiti, akaketi. Mimi nilikuwa ng'ambo ya kitanda, kushoto kwake, hatua mbili hazifiki. Alimsalimu, akauliza maumivu, kisha akageuza kichwa upande mmoja na kukirudisha.

"Pana mtu mwingine hapa?"

Mama Furaha alinitazama kwa muda ambao bado nauhisi. "Hapana, Mzee. Tuko wawili."

"Dada, hukuteleza."

"Niliteleza."

"Hukuteleza," alisema, akajipangusa macho kwa leso. "Hata sasa sikuoni kamili, nikiangalia uso wako sioni mikono yako. Nilijua. Nilitoka na lori nikijua." Mama Furaha aliuchukua mkono wa Mzee, akauweka juu ya wake kwenye shuka. Muuguzi alipita na toroli ya dawa. Kisha Mzee akasema, "Kuna yule mtoto wa kwenye gemu, Kache. Nilimfunga mdomo. Nilimpa kitu ambacho mtu mzima hampi mtoto akibebe. Akija kwako, mwambie si lake. Lote ni langu."

"Nitamwambia," alisema Mama Furaha.

Ningeweza kusema, "Niko hapa, Mzee." Yalikuwa maneno matatu tu. Lakini kusema kungekuwa kumwonyesha kwamba amefunuliwa mbele yangu, na Mama Furaha amemdanganya, na giza lake limefika mahali ambapo mtu anaweza kuketi akasikiliza machozi yake. Nilizuia pumzi. Kengele ya kuwatoa wageni ililia. Alisimama, akakosea njia, akazunguka miguuni pa kitanda kuja upande wangu, na kiganja chake kikagusa bega langu. Kilibaki pale kidogo, kizito na cha joto.

"Samahani," alisema.

Kisha akageuka, akafuata sauti ya bintiye mpaka mlangoni. Sijui kama alidhani amemgusa mgeni wa kitanda jirani au alijua amemgusa nani. Sikumwitikia.